Ijumaa Kumi na Nane

Ijumaa ile, mpaka saa nane mchana, Suad hakuwa na ugomvi na mtu. Alikuwa ametoka eda jana yake magharibi. Ameoga, amevaa dera jipya la maua ya zambarau alilonunuliwa na wifi yake, na fleti nzima ilinuka udi hadi jirani wa juu, mzee mmoja wa Kiingereza anayeogopa moto, akashuka kugonga mlango kuuliza kama kuna kitu kinaungua. Wakampa kipande cha halua, akapanda zake.

Miezi minne na siku kumi alikuwa amekaa kizuka ndani ya fleti hiyo ya Lewisham, ghorofa ya pili, madirisha yote yanatazama reli. Hakwenda sokoni, hakwenda kazini, hakushuka hata kutupa taka. Meneja wa nyumba ya wazee alikokuwa akifanya kazi alimpigia simu wiki ya kwanza kumweleza, kwa ile sauti ya upole wa kufundishwa, kwamba likizo ya kufiwa ni siku tano. Suad akamuuliza kama hizo siku tano ni za mume au za paka. Mwishowe wakampa likizo isiyo na mshahara, na Bridget, Mkenya aliyekuwa akipangwa naye zamu moja, akawa anampitishia mboga na maziwa kila Jumatatu.

Mumewe, Abdulwakil, alikuwa Mpemba aliyetengeneza mabasi ya London kwa miaka ishirini na miwili. Alikufa tarehe sita Mei, mwaka elfu mbili na tatu, baada ya saratani kumla mwaka mzima. Wanaume wakamchukua kwenda kumzika kwenye makaburi ya Waislamu, huko mbele ya Ilford, na Suad akabaki ndani na wanawake wenzake kama ilivyo ada. Kwa hiyo kaburi la mumewe hakulijua. Hakujua liko upande gani, liko jirani na nani, limeinuka au limedidimia. Jambo hilo lilimkera kuliko upweke wenyewe, na tangu wiki ya kwanza alikwisha kuamua: siku atakayotoka nje, safari yake ya kwanza ni kaburini. Na atakwenda na Bluebird lake, yeye mwenyewe ndiye anayeendesha.

Hilo Bluebird lilikuwa Nissan ya mwaka themanini na sita, rangi ya chai ya maziwa, kutu imekula chini ya milango, redio inashika stesheni moja tu. Abdulwakil alilinunua mwaka tisini na moja, siku ya pili baada ya Suad kufaulu mtihani wa kuendesha, mtihani ambao alikuwa ameanguka mara tatu, na akaliandikisha kwa jina la Suad. Watu walicheka. Fundi mzima wa mabasi anamnunulia mke gari, halafu yeye anakaa kiti cha abiria! Abdulwakil aliwajibu kwamba akishashinda kutwa chini ya mabasi, jioni hataki kuuona usukani. Kwa miaka kumi na miwili Suad alimwendesha: harusini, mazishini, Ilford kwa dada yake, na mwaka ule wa mwisho hospitalini, wiki hadi wiki, kiti amekilaza nyuma na macho ameyafumba. Hata hapo hakuacha kusema. "Gia, Suad, gia. Injini inakulalamikia, huisikii?"

Kwa kuwa Suad sasa hawezi kutoka, funguo alimpa Asad. Asad ni mwanawe wa pekee, miaka ishirini na mitatu, kazi yake kuuza simu za mkononi. Kazaliwa hapo hapo London, Kiswahili anakisikia chote lakini ukimwambia neno hukujibu kwa Kiingereza. Suad alimkabidhi funguo pamoja na amana moja. Kila Ijumaa aende kaburini kwa baba yake, amsomee Yasin, amnyunyizie marashi. Marashi aliyatia yeye mwenyewe. Vilikuwa vimebaki kabatini vichupa tele vya dawa za marehemu. Akavichemsha, akavianika, na kila Alhamisi akajaza kimoja, akafunga shingo yake kwa uzi mwekundu, mafundo matatu.

Ijumaa jioni Asad akirudi, mama alimuuliza, "Umekwenda?"

"Yeah."

"Kaburi liko vipi?"

"It's fine, Mum. It's nice."

Ikawa hivyo Ijumaa kumi na nane, na kila Ijumaa Suad alilala usingizi mzuri.

Sasa Ijumaa hii ya furaha Asad hakuwepo. Jumatano alikuwa ameaga kwamba anakwenda kumsaidia rafiki yake kuhama nyumba, atalala huko huko siku mbili tatu. Simu yake ilikuwa imezimwa. Suad alimtafutia udhuru kama mama yeyote: betri imekwisha, kijana amechoka, atatokea tu wageni wakishaondoka. Akamwekea sahani ya sambusa juu ya friji na kuifunika.

Saa nane akaingia Bridget, bado na sare ya kazi, gazeti la bure la mtaa amelishika mkononi, uso wote meno.

"Mama Asad! Kumbe mnatuficha mambo makubwa hivi? Kijana wako ako kwa gazeti!"

Alilitandaza mezani juu ya visheti. Picha ilikuwa ya vijana watatu waliokaa juu ya boneti ya gari. Gari limepakwa rangi ya manjano, ubavuni limechorwa ngamia mwenye miwani ya jua, juu ya paa limefungwa tairi mbili na koleo. Suad hakulitambua gari. Alichotambua ni namba, maana namba ile aliiandika kwenye fomu za hospitali mwaka mzima kila alipoomba kuegesha.

Bridget, ambaye hakuwa ameona uso wa mwenzake unavyobadilika, akaendelea kuwafasiria wageni habari yenyewe kwa shangwe. Ni mashindano ya hisani. Timu arobaini, kila timu na mkweche wake, gari lisilozidi pauni mia moja. Wanaondoka Blackheath kesho Jumamosi saa nne asubuhi, wanavuka Dover, wanashuka Ulaya mpaka Moroko, wanaingia jangwani mpaka Mauritania, na gari litakalofika zima linauzwa huko huko kwa ajili ya kuchimba visima. "Na hapa wamemuuliza Asad gari wametoa wapi. Anasema, 'Lilikuwa linaoza tu nje ya nyumba yetu. Halina mwenyewe.'"

"Soma tena hapo," alisema Suad.

Bridget akasoma tena, sasa kwa sauti ya chini.

Halina mwenyewe! Suad alisimama akaenda jikoni, akafungua bomba, akasimama kuyatazama maji yakimwagika. Ilikuwa hasira, si kitu kingine. Kwamba alikuwa hai, yuko ghorofa ya pili, anakula na kunywa na kumpikia mtoto huyo huyo, na jina lake liko kwenye kadi ya gari, na bado gari halina mwenyewe. Zahra, wifi yake, dada wa marehemu, mwanamke mnene mwenye moyo wa kusuluhisha kila kitu, akamfuata.

"Wifi, vijana hawa, hawajui. Labda alitaka kukwambia ukishatoka."

"Kapitiwa," alisema Suad. "Amesahau kama jana ndiyo natoka. Mjinga tu huyu, kama baba yake alivyokuwa akisahau miadi. Hakukusudia."

Alilisema hilo mara tatu au nne jioni ile, kwa Zahra, kwa Bridget, na kwa sahani ya sambusa iliyokuwa juu ya friji. Alimpigia Asad simu mara kumi na moja. Asubuhi, kabla hajavaa viatu, alifungua bahasha ya karatasi zake muhimu, akatoa kadi ya gari, akaitia mkobani.

Kutoka Lewisham kwenda Blackheath ni mlima, na miguu iliyokaa ndani miezi minne si miguu. Suad alipanda akitweta, Zahra nyuma yake akiomba kungojwa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuiona barabara tangu Mei. Majani ya miti yalikuwa yameanza kugeuka, duka la samaki limebadilisha jina, na haya yote aliyoyatamani kuyaona kwa utulivu akayapita kama mtu anayekimbilia basi. Hilo nalo lilimkasirisha. Siku yake ya kwanza ya kutoka nje ilikuwa imeibiwa pamoja na gari.

"Wifi, kwani hilo kaburi lazima leo? Na tangu lini wanawake wanakwenda makaburini?"

"Pemba tuna kaka na wajomba na watoto wa mtaa mzima wa kwenda. Hapa n'na nani? Nilikuwa na huyo mmoja, ndiyo namfuata."

Uwanja wa Blackheath ulikuwa umejaa mikweche. Gari moja limevikwa manyoya kama kondoo, jingine limefungwa beseni la kuogea juu ya paa, watu wanapuliza honi za kila namna, watoto wanakula aiskrimu saa tatu na nusu ya asubuhi. Wazungu wazima wamevaa mavazi ya ngamia, wawili wawili, mmoja mbele mmoja nyuma. Kila mtu anacheka. Suad alikata katikati yao na dera lake la zambarau na mkoba kifuani, na mtu mmoja akamwambia vazi lake ni zuri sana, yuko timu gani?

Akaliona Bluebird mwisho wa safu, namba ishirini na saba imebandikwa mlangoni. Na kando yake akamwona Asad, akipiga picha na watu. Alikuwa amevaa kanzu ya baba yake. Kanzu ile ile ya Idi, ya darizi ya rangi ya maziwa shingoni, aliyoikunja Suad kwa mikono yake na kuitia sandukuni na karafuu. Kichwani kafunga kitambaa cha mezani kwa kamba, eti Mwarabu wa jangwani, na chini ya kanzu raba nyeupe zinaonekana.

Hadi hapo, ingawa hasira ilimpanda mpaka kwenye meno, Suad alikuwa bado na ule udhuru wake. Amepitiwa. Amesahau siku. Alikuwa tayari kumtukana, kumnyang'anya funguo, kumpiga hata kofi mbele za watu, na jioni kumpashia moto sambusa zake. Asad akageuka akamwona. Na neno la kwanza lililomtoka mdomoni halikuwa Mama, wala samahani, wala umetokaje.

"But it's Tuesday," alisema Asad. "Eda yako. It finishes Tuesday."

Suad alihesabu naye papo hapo, kwa kichwa. Tarehe sita Mei, sita Juni, sita Julai, sita Agosti, sita Septemba. Ongeza siku kumi, tarehe kumi na sita, Jumanne. Ndivyo Asad alivyohesabu. Alikaa na kalenda ya dukani kwake, ile yenye sikukuu za benki, akatafuta siku mama atakayofunguliwa, akaona safari inaondoka siku tatu kabla. Hakujua, na nani angemwambia, kwamba eda haihesabiwi kwa Mei na Juni. Huhesabiwa kwa mwezi wa angani, ambao haufiki siku thelathini na moja hata siku moja. Kuanzia mwezi nne Mfunguo Sita hadi mwezi kumi na nne Rajabu. Tofauti yake ni siku tano. Kwa siku tano hizo tu, angekuwa ameshafika Moroko mama yake bado yuko dirishani anahesabu treni.

"Kwa hiyo ulihesabu," alisema Suad. Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa, na Zahra aliyeijua sauti hiyo akarudi nyuma hatua moja. "Nilikuwa nawaambia watu umesahau. Kumbe ulikaa chini ukahesabu. Eda yangu umeifanya kufuli, umenifungia ndani uniibie."

Asad akaanza kusema mambo mengi kwa Kiingereza, haraka haraka. Kwamba gari lilikuwa linakufa, lisingepita ukaguzi wa mwaka huu. Kwamba ni kwa hisani. Kwamba nyuma wameandika jina la baba, aje aone, ni kwa kumkumbuka, na Baba angependa.

"Baba angependa! Baba yako alipokuwa na mdomo ulimuuliza? Mimi ninao mdomo, mbona hukuniuliza?"

"'Cause you'd say no!"

"Ndiyo. Ningesema hapana. Ndiyo maana ya kuuliza!"

Watu walikuwa wameanza kugeuka. Msichana mmoja wa timu yao, Kalpana, Mhindi wa Kenton ambaye wazazi wake walitoka Nairobi, alikuwa amesimama na ramani mkononi, anamtazama Asad kwa namna isiyopendeza. Alimwambia kwa Kiingereza kwamba wao waliambiwa mama ndiye aliyelitoa. Kwamba yeye mwenyewe alimwandikia mama huyo kadi ya shukrani na kumpa Asad ampelekee. Mwenzao wa tatu, kijana wa Kizungu mwenye nywele nyekundu, akajifanya anakagua tairi.

Msimamizi wa mashindano akaja mbio, filimbi shingoni, akiuliza kuna tatizo gani na nani mwenye gari. Suad alifungua mkoba akampa kadi. Msimamizi akasoma jina, akamtazama Asad, akasoma tena. Akavua kofia yake, akakwaruza kichwa, akasema kwamba kwa kweli hilo limemaliza maneno.

"Funguo," alisema Suad, mkono ameunyosha.

Asad akampa.

"Vua hicho kitambaa. Kanzu ya baba yako iache mwilini, sitaki kukuona uchi. Panda nyuma."

Kiti cha nyuma kilikuwa kimeng'olewa, imebaki nafasi ya mtu mmoja kati ya madumu ya mafuta na makopo ya maharage. Asad alijikunja humo. Zahra akaingia mbele, akavuta mkanda kwa shida. Suad akaketi mahali pake, akakisogeza kiti mbele maana mtu mwenye miguu mirefu alikuwa amekirudisha nyuma, akatia funguo. Injini ikawaka mara moja. Lilikuwa linakufa, eti.

Alipolitoa gari kwenye safu, watu hawakujua yaliyopita. Walidhani timu namba ishirini na saba ndiyo inafungua mashindano. Wakapiga makofi. Mtu akapeperusha bendera mbele ya kioo, ngamia wawili wakacheza, honi zote zikalia kwa pamoja. Suad aliwapita bila kutazama kushoto wala kulia, akashika njia ya kwenda Tanelini, barabara inayopita chini ya mto.

Zahra alikuwa akisoma dua kwa kunong'ona. Nyuma, kila kona, makopo ya maharage yaligongana, na kulikuwa na mgongano mwingine mdogo, wa kitu chepesi, uliotoka karibu zaidi. Suad akadhani wamelegeza kitu chini ya gari, akawaongezea hilo kwenye hesabu yao. Walipotoka upande wa pili wa mto, kwenye taa za kwanza, alikanyaga breki kwa nguvu, na kitu kikabingirika kutoka chini ya kiti chake kikamgusa kisigino.

Aliinama akakiokota kabla taa hazijawa kijani. Kichupa cha dawa, kimejaa mpaka shingoni, uzi mwekundu, mafundo matatu.

Akakitia mkobani. Bado alikuwa mama wa mtu, na mama wa mtu anaweza kumtolea mwanawe udhuru hata kwenye taa za barabarani. Kimoja. Wiki moja ilimpita, hakwenda, akaona haya kusema. Wiki moja si kitu. Alishika gia mpaka injini ikalalamika, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na mtu wa kumwambia abadilishe gia.

Makaburi yalikuwa uwanja mkubwa wa wazi, safu kwa safu za matuta ya udongo, mengi hayana jiwe, yana vibao vidogo vya namba tu. Mlinzi wa getini alilitazama gari la manjano na ngamia wake, akalifungulia mdomo, kisha akaona nyuso zilizomo ndani akaufunga. Zahra alisema miguu imemvimba, atabaki garini awasomee hapo hapo.

"Haya," Suad alimwambia mwanawe. "Nipeleke kwa baba yako."

Asad alitangulia, kanzu inapepea, raba zake nyeupe zinaingia udongoni. Akaenda mpaka safu ya tatu, akapinda kulia. Akasimama. Akarudi, akajaribu safu ya tano. Alikuwa akisoma vibao kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba asiyowahi kufika. Mama yake alimfuata hatua kwa hatua mwanzoni, kisha akaacha kumfuata. Alisimama penye njia akamtazama akienda na kurudi, akienda na kurudi, mpaka kijana akasimama katikati ya makaburi, mikono imemning'inia.

"They've put loads of new ones," alisema. "It was, like, at the end. It was the last one."

Mwezi Mei lilikuwa la mwisho. Bila shaka lilikuwa la mwisho, siku ile ya kuzika.

Suad akageuka akarudi kwenye gari. Alifungua mlango wa dereva, akapiga magoti juu ya changarawe na dera lake jipya, akaingiza mkono chini ya kiti. Mfuko wa plastiki ulikuwa umepasuka. Alivitoa kimoja kimoja akavipanga kwenye mapaja. Kumi na saba, na kile cha mkobani. Hakikukosekana hata kimoja. Kila fundo lilikuwa pale alipolifunga, Alhamisi kwa Alhamisi, akidhani kesho yake maji yale yatamfikia mumewe. Yeye kwa miezi minne alikuwa akiuliza kaburi liko vipi, na mtoto akamjibu ni zuri. Hakuwa na kitu kingine dunia hii cha kumtumia Abdulwakil, na hicho kimoja kilikuwa chini ya makalio yake mwenyewe. Zahra alivitazama vichupa, akaacha kusoma dua.

Mlinzi alikuwa na daftari. Alitafuta jina, akawapeleka mwenyewe: safu ya saba, karibu na uzio. Tuta lilikuwa limedidimia upande mmoja, magugu yameota mpaka kwenye kibao. Hakuna aliyekuja hapo. Suad alisimama mguuni pa kaburi, akatoa salamu, na machozi aliyoyatunza kwa siku hii hayakuja. Kilichokuja ni hasira, na hakuona haya nayo.

"Kwa nini?" aliuliza.

"I couldn't, Mum." Asad alikuwa akilitazama kaburi kwa pembe ya jicho. "I'd get to the gate. First few times, I got to the gate. I just couldn't."

"Mimi ningeweza. Kwa magoti ningekuja. Nimekaa ndani kwa sababu dini imenikalisha, nikakupa wewe miguu yangu, wewe ukafika getini ukarudi ukaniambia ni zuri. Ungesema huwezi, ningemtuma Zahra, ningemtuma hata Bridget na msalaba wake shingoni, angekuja!" Akampa mfuko wa vichupa, umefungwa fundo palipopasuka. "Ng'oa magugu kwanza."

Aliyang'oa. Simu yake iliita ndani ya kanzu; wenzake, pengine, wameshapata nafasi kwenye gari jingine, au wanataka makopo yao. Ikaita mpaka ikanyamaza. Alipomaliza, mikono imejaa udongo, alisimama akimngoja mama yake aseme waende.

"Fungua kimoja," alisema Suad.

Mafundo yalimshinda kwa vidole, akayafungua kwa meno. Harufu ya marashi ikapanda.

"Mimina. Hiyo ni Ijumaa ya kwanza. Siku tatu baada ya kufa kwake. Nilikuwa sijala, na nilikufungia kichupa hicho kabla sijanywa hata maji."

Asad alimimina upande wa kichwa. Udongo ulikuwa mkavu, ukayanywa mara moja.

"Cha pili. Siku ile ilinyesha mvua, ukarudi umekauka, nikasema umshukuru Mungu umepata gari. Mimina."

Akamimina.

"Cha tatu. Fungua."

Ijumaa ya nne, aliendelea Suad, ulisema kulikuwa na foleni. Ya tano ulisema umekutana na Sheikh huko, amekusalimia. Ya sita hukusema kitu, nikajua umelia, nikakupikia biriani. Aliikumbuka kila moja, kwa maana zilikuwa ndizo siku zake pekee zilizotofautiana na nyingine, na kila moja aliitaja kwa sauti mbele ya mwenyewe aliyelala hapo, pasipo kuharakisha. Simu ikaita tena. Feri ya Dover huondoka kwa wakati wake. Kwenye kichupa cha nane Asad akawa hauoni uzi kwa machozi, na kwenye cha tisa akapiga magoti udongoni na kanzu ya Idi ya baba yake, analia na kukohoa, kamasi zinamtoka kama mtoto mdogo.

"Mama," alisema, kwa Kiswahili. "Mama, basi. Basi, nakuomba."

Suad alichukua kichupa kingine mfukoni akamtilia mkononi.

"Bado tisa," alisema.